Nafasi ya Bi. Nyamizi

Sogeeni karibu. Leo sina sungura, sina jini, wala sina mfalme mwenye binti mmoja. Nina nyumba moja ya Isevya, kule Tabora, yenye watu wanne walio hai na mmoja aliyekwisha kufa, na nina swali ambalo limeninyima utulivu tangu siku nilipolipata. Anayemenya viazi na aendelee kumenya, anayeshona na ashone. Kwa sasa nataka masikio yenu tu. Akili nitaziomba mwishoni.

Mwenye nyumba ni Mzee Mrisho Kapaya, aliyekuwa dereva wa treni. Ujana wake wote na utu uzima wake aliumaliza kwenye reli: leo Kigoma, kesho Mpanda, keshokutwa Dodoma. Alipostaafu alipewa mkono wa kwaheri, akarudi nyumbani, akavuta kiti barazani, akakaa. Mtu aliyezoea kwenda akawa mtu wa kukaa. Marafiki zake wa reli wakamfuata pale pale barazani, wakawa wanakunywa chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko, wanatafuna kashata, wanabishana kuhusu injini ambazo siku hizi zimekwisha kuwa chuma chakavu.

Alikuwa na watoto wawili na mkwe mmoja, na kila mmoja wa hao watatu alikuwa na kipaji chake.

Mwavita, binti mkubwa, kipaji chake kilikuwa macho. Tangu utotoni hakuna aliyeweza kumficha kitu. Akichambua mchele, hulali na wasiwasi wa jiwe. Mtu akiingia chumbani na huzuni, Mwavita alijua kabla mtu huyo hajavua viatu. Akasoma, akaajiriwa maabara huko Mwanza, mahali wanapochunguza damu za watu kwa ajili ya utafiti wa magonjwa.

Sudi, mdogo wake, kipaji chake kilikuwa ulimi. Alikuwa mnadishaji mnadani. Angeweza kukuuzia koti la sufu mwezi wa Oktoba, Tabora inapochemka, na ukaondoka nalo ukishukuru.

Siwema, mke wa Sudi, kipaji chake hakina jina zuri, ndiyo maana watu hawakukiona haraka. Siwema alikuwa haachi. Akianza jambo, analifuata mpaka jambo lenyewe lichoke. Alikuwa akikaanga vitumbua barazani pale kwa baba mkwe, na Isevya nzima ilivijua vitumbua vya Siwema.

Wa tano ndiye aliyekwisha kufa: Bi. Nyamizi, mke wa Mzee Mrisho. Kifo chake ndicho kilichoanzisha yote haya.

Bi. Nyamizi aliugua sukari bila mtu kujua kwamba ni sukari. Aliona kiu, wakasema ni joto. Alikonda, wakasema ni fikra za uzee. Akapata kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, wakampaka dawa ya kidonda. Siku walipolisikia neno lenyewe kwa mara ya kwanza ndiyo siku hiyo hiyo daktari alipowaambia kwamba mguu lazima ukatwe. Ukakatwa. Kisha figo nazo zikagoma, na mama wa watu akazikwa.

Kabla ya hayo, yeye na mumewe walikuwa wamejiandikisha kwenda Makka kuhiji. Walijinyima kidogo kidogo kwa miaka, wakamaliza kulipa, wakawa wanangoja zamu. Bi. Nyamizi alikwisha hata kupiga picha ya pasipoti, amejitanda mtandio mweupe, anatabasamu kidogo kama mtu aliyeambiwa asitabasamu.

Basi. Matanga yalipokwisha, Mwavita hakurudi Mwanza upesi. Alibaki akimtazama baba yake. Aliona tumbo lilivyojitokeza mbele. Aliona jinsi mzee anavyosinzia akimaliza kula tu, kijiko bado kiko mkononi. Akaona kitu kingine ambacho mwingine angedhani ni uchafu: ngozi ya nyuma ya shingo, kwenye mikunjo, ilikuwa imepiga weusi na kuwa nene, laini kama mahameli, na yeye alijua hiyo ni dalili.

Siku moja mzee akaamka na homa. Mwavita akampeleka akapimwe malaria, hajatia kitu mdomoni, na akasema wampime na sukari. Malaria hakuna. Sukari ikawa ya kawaida kabisa. Mzee akafurahi, akarudi barazani kwake. Lakini Mwavita alikuwa amechukua damu zaidi ya ile iliyohitajika. Akaihifadhi kwenye barafu, akaenda nayo Mwanza, akaipima mwenyewe. Hakumwomba baba yake ruhusa.

Akarudi Tabora kwa treni. Hakutaka kusema kwa simu.

"Baba," alisema, "katika damu yako nilipima kitu kingine."

"Kitu gani? Nani alikwambia upime?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilipaswa kukuomba, sikukuomba. Nigombeze, lakini kwanza nisikilize. Mwilini kuna homoni inaitwa insulini. Inatoka kwenye kongosho. Ndiyo inayoiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini ifanye kazi. Yako iko juu mno, Baba."

"Si nilipimwa sukari ikawa sawa?"

"Ni sawa kwa sababu insulini inajiua kuifanya iwe sawa. Wewe ulikuwa dereva. Umefungiwa mabehewa mengi kupita kiasi, unapanda mlima. Anayesimama kando ya reli anaona mwendo ni ule ule. Lakini wewe uliye ndani si unaisikia injini?"

Mzee hayo aliyaelewa zaidi ya alivyotaka.

"Na kuna homoni nyingine," Mwavita aliendelea, "inatengenezwa na mafuta ya mwilini, kazi yake ni kuisaidia hiyo insulini. Hiyo yako imeshuka sana. Zikikaa hivyo zote mbili, moja juu na nyingine chini, mara nyingi mwishoni kongosho huchoka. Hapo ndipo sukari hupanda."

"Kwa hiyo naumwa?"

"Huumwi, Baba."

"Nitaumwa?"

"Huenda. Wengi wenye damu kama yako huja kuugua. Wengine hawaugui. Siwezi kukuapia."

Mzee Mrisho akacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Umetoka Mwanza mpaka hapa kuja kuniambia kwamba siumwi, ila huenda. Mama yako udongo wake haujakauka, unataka unipange na mimi kwenye foleni?" Akamwita Siwema. "Mama, niletee chai. Sukari usiipime."

Akainywa yote mbele ya binti yake, akimtazama. Mwavita akarudi Mwanza amevimba macho.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile haikutulia. Ugonjwa haukuwepo, lakini ulikuwa umekwisha kutajwa, na kitu kilichotajwa huwezi tena kukirudisha kisitajwe. Sudi alijikuta akitazama shingo ya baba yake kila mara mzee anapoinama kunawa. Siwema alisikiliza kama mlango wa choo unafunguliwa mara nyingi. Mzee mwenyewe alikula zaidi, kama mtu anayegombana na mtu asiyeonekana.

Ndipo Sudi akaingia na kipaji chake. Alianza na mzaha, mzee hakucheka. Akajaribu kumtisha, mzee akamfukuza. Akamleta mganga msaidizi wa zahanati aje kuzungumza naye, mzee akamkaribisha kashata. Mwishowe, Ijumaa moja, wametoka msikitini wanarudi nyumbani polepole, Sudi akasimama njiani.

"Baba, kuna neno nimekuficha. Mama aliniachia."

Mzee naye akasimama.

"Siku moja kabla hajafariki, wewe ulikuwa umetoka kwenda kuswali. Alinishika mkono, akasema: 'Mwambie baba yako safari nimemwachia yeye. Aende. Ila afike kule kwa miguu yake miwili.'"

Mzee Mrisho alilia pale pale barabarani, watu wanapita wanamsalimu, hawaitikii. Kesho yake asubuhi Siwema alipomletea chai, alikifunika kikombe kwa kiganja. "Usitie sukari," akasema. Tangu siku hiyo hakutia tena.

Lakini nyinyi mnajua, na mimi najua, kwamba machozi ya Ijumaa hayafiki mbali. Wiki ya pili mzee alikuwa anazunguka jikoni. Wiki ya tatu alikutwa na kitumbua mfukoni. Ndipo Siwema akalishika jambo hili, na mimi nimekwisha kuwaambia Siwema ni mtu wa namna gani.

Kila alfajiri baada ya swala alisimama mlangoni kwa mzee, amemshikia viatu. "Baba, twende." Wakatembea kandokando ya reli, yeye nyuma, mzee mbele, mpaka jua lichomoze, kisha wakarudi. Mvua ikinyesha, alikuja na mwavuli. Mzee akisema mguu unauma, alimwambia, "Basi leo tutakwenda taratibu," na wakaenda. Watu wa Isevya wakaanza kusema. Mke wa mtu na baba mkwe wake, kila alfajiri, wanatafuta nini huko relini? Maneno hayo yalimfikia mpaka mama yake mzazi huko Nzega, akapiga simu analia. Siwema aliendelea kutembea.

Jikoni alibadilisha kila kitu. Ugali ukapungua, kunde na mlenda na kisamvu vikaongezeka. Asali ikatoka ndani ya nyumba. Na vitumbua vyake, biashara aliyoianzisha mwenyewe kabla hata hajaolewa, akaviacha, kwa sababu harufu ya kikaangio ilikuwa inamtoa mzee kitini. Siku moja mzee alisukuma sahani ikaanguka, akamtukana tusi ambalo sitalitamka hapa. Siwema akaokota, akafagia, akapakua tena, akaweka mbele yake. "Karibu chakula, Baba."

Miaka ikaenda hivyo. Kila mwaka Mwavita alikuja kupima, sasa kwa kuomba ruhusa. Mwaka wa kwanza ile insulini ilishuka kidogo. Mwaka uliofuata ikashuka zaidi, na ile homoni nyingine ikaanza kupanda. Tumbo lilirudi nyuma. Weusi wa shingoni ukafifia, mpaka kinyozi wa mzee akauliza anatumia sabuni gani. Na mwaka huu, zamu yao ya kuhiji ilipofika, daktari aliyewakagua mahujaji alimpima juu mpaka chini akamwambia, "Mzee, wewe nenda. Ningekuwa na damu kama yako ningefurahi."

Siku hiyo kulikuwa na furaha. Mwavita alikuwepo, wote walikula pamoja. Katikati ya chakula Mzee Mrisho akainua mkono.

"Nina la kusema. Ile nafasi ya mama yenu haijafutwa. Watu wa msafara wameniuliza nani atakaa humo. Wallahi, nitakwenda na yule aliyeniokoa. Jina nitalipeleka Alhamisi."

Wakashangilia. Furaha ile ilidumu mpaka waliponawa mikono. Ndipo kila mmoja akawa anajiuliza kimyakimya: ni nani huyo?

Mwanzoni walikuwa na adabu. "Apewe dada," alisema Sudi, "bila yeye tusingejua kitu." "Apewe wifi," alisema Mwavita, "yeye ndiye aliyeteseka." "Mimi ni mtoto wa watu tu," alisema Siwema, "waende wenye baba yao." Lakini adabu ile ilichakaa upesi. Siwema hakuwahi kufika popote zaidi ya Nzega na Tabora. Sudi alikuwa na deni moyoni kwa mama yake ambalo hakumwambia mtu ila mkewe. Mwavita alitaka, kabla baba hajafa, asafiri naye wapatane kwa lile la damu, maana mzee alimsamehe kwa mdomo tu. Jumatatu walikuwa wanasalimiana kwa kifupi. Jumanne Sudi na Siwema, mtu na mkewe, walilala wamepeana migongo. Mzee hakuketi. Alizunguka uani, akatoka nje, akarudi, akauliza ni saa ngapi, akatoka tena.

Jumatano asubuhi wote watatu walikuwa uani, Siwema anapepeta mahindi, na Sudi akashindwa kujizuia.

"Tuseme ukweli. Dada alikuja na habari zake za damu, Baba akafanya nini? Alikunywa chai! Aliyemgeuza ni nani? Si mimi?"

"Ukamgeuza, kisha akageuka tena," alisema Siwema bila kuinua macho. "Maneno hayamvalishi mtu viatu alfajiri."

"Na nyinyi wote mngejua vipi cha kufanya?" alisema Mwavita. "Mama tulimtazama kwa macho yetu wote akaisha. Mimi ndiye niliyeona kabla."

"Usingizi uliopotea ulikuwa wangu, wifi," alisema Siwema. " Biashara iliyokufa ilikuwa yangu. Jina langu lilisemwa mji mzima."

"Kwani nani alikutuma?" Sudi akapandisha sauti. "Ulimi wangu ndio uliomtoa machozi, ukamfanya akubali!"

Siwema akaweka ungo chini. "Ulimi wako! Ulimi wako ulimsingizia marehemu. Bi. Nyamizi hakusema neno lile hata moja. Wewe mwenyewe uliniambia umelitunga njiani!"

Sudi uso ulimbadilika, na badala ya kunyamaza akatafuta cha kumrudishia mkewe.

"Na wewe mwambie Baba nani alimfukuza Mzee Masanja!"

Alipogeuka, Mzee Mrisho alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Sudi," aliita. "Mama yako siku ile alisema nini?"

"Baba..."

"Nakuuliza."

"Hakusema kitu, Baba. Alikuwa hawezi. Aliomba maji tu."

Mzee akashika fremu ya mlango. "Neno lile nimelisema moyoni kila alfajiri nikitembea. Nikichoka nalisema. Nikitamani kurudi nalisema. Nilijua natembea na yeye. Kumbe natembea na wewe."

Kisha akamgeukia Siwema. Mzee Masanja alikuwa rafiki yake wa tangu ujana, walifanya kazi pamoja kwenye injini moja. Ghafla aliacha kuja barazani, na Mzee Mrisho akadhani amedharauliwa. Alikasirika, naye hakumtafuta. Masanja alipofariki, alikwenda mazikoni akasimama nyuma kabisa kama mtu mgeni.

"Ni kweli, mama?"

Siwema alikuwa analia sasa, ila sauti yake haikutetemeka. "Alikuwa anakuja na mfuko wa kashata, Baba, kila akija. Nilimwomba kwa heshima, akacheka. Nikamwomba tena. Mara nyingine nikamwambia kama anakuja na sumu asirudi. Hakurudi. Sikujua kwamba atakufa."

Mwavita akasogea, akataka kumshika baba yake mkono. Mzee akauondoa.

"Na wewe je? Unadhani wewe huna lako? Tangu siku ile uliyoniletea habari za damu yangu, sijawahi kuwa mzima. Nikisikia kiu naogopa. Nikiamka kwenda haja ndogo naogopa. Nikijikwaa, naangalia kidole. Umenipa ugonjwa usiokuja, nimeuuguza miaka yote hii."

"Nimekupa miguu yako, Baba."

"Una hakika? Nisingefanya lolote, ningeugua? Apa."

Mwavita angeweza kuapa. Ndugu yake angeapa. Lakini yeye alikuwa mtu wa kuona kilichopo, na kisichokuwepo hakuweza kukisema.

"Siwezi kuapa, Baba. Hakuna mtu duniani anayeweza. Dalili zilikuwepo, na ugonjwa haukuja. Hayo tu ndiyo ninayoyajua."

Mzee alitoka. Kwa mara ya kwanza katika miaka ile alikwenda relini peke yake, tena jua likiwa kali. Siwema alichukua mwavuli akasimama nao getini, hakuthubutu kumfuata.

Mzee alipitia kwa Sheikh wa msikiti wao, akamweleza yote. Akamwuliza kama anaweza kuiacha nafasi ile wazi, iwe ya Nyamizi mwenyewe. "Maana nikiwaza sana," alisema, "nisingeuona mguu wake ukikatwa, nisingemsikiliza mtu yeyote. Labda aliyeniokoa ni yeye. Au labda ni mimi. Mdomo uliokataa sukari ulikuwa wangu."

Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho. "Ukiiacha wazi," akamwambia, "haitabaki wazi. Atapewa hujaji mwingine usiyemjua. Na wewe umeapa kwamba atakwenda aliyekuokoa. Kama ni wewe, basi wewe unayo nafasi yako tayari. Rudi nyumbani ufikiri."

Hakufikiri sana, alizunguka tu. Alhamisi ikafika.

Ofisi ya msafara iko ubavuni mwa msikiti, chumba kimoja chenye meza na feni inayolalamika. Mzee Mrisho aliingia amevaa kanzu safi. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, watoto wake na mkwewe walikuwa wamefika kila mmoja kwa njia yake, wamesimama mbalimbali kama watu wasiojuana. Mwavita alikuwa anamtazama baba yake usoni, akitafuta kuona. Midomo ya Sudi ilikuwa inacheza bila sauti. Siwema alisimama wima, mkoba kifuani, kama anayesubiri kuambiwa twende.

"Karibu, Mzee Mrisho," alisema kiongozi wa msafara. "Tunakusubiri wewe tu. Jina la mwenzio?"

Mzee akageuka, akawatazama kupitia mlango ulio wazi: yule aliyeuona ugonjwa kabla haujafika, akamwachia hofu, yule aliyemfanya akubali, kwa neno ambalo marehemu hakulisema, na yule aliyemtembeza kila alfajiri, akampotezea rafiki. Kisha akamgeukia yule bwana, akafungua mdomo.

Mimi nawaachia hapo. Nilipoisimulia Urambo, wanawake walipiga meza wakasema Siwema, hakuna wa kubishana naye. Babu mmoja akasema Sudi, kwa sababu mtu akikubali ndiyo amepona nusu, na huyo kijana asamehewe uongo wake huko huko Makka. Wengine wakasema huwezi kumzawadia mtu kwa kumwokoa na kitu ambacho huenda kisingekuja. Ndipo dada mmoja aliyekaa pembeni, mwenye fimbo na mguu mmoja, akasema taratibu, "Mimi wangu ulikuja. Na hakuna aliyeniona." Ukumbi wote ukamgeukia. Halafu wakaanza kubishana upya, nami nikaondoka wakiwa bado wanabishana.

Nyinyi ndio mmebaki. Yule bwana ameshika kalamu, mzee amefungua mdomo, watatu wanatazama. Je, wewe ungeamua vipi?